Prado ya mtumba: Shilingi ya kwanza iende wapi?

MVUA za masika katika ukanda wa Pwani huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kwa mfanyabiashara wa Kibaha au Kisarawe mwenye gari la magurudumu manne lililokwishatumika, hicho ndicho kipindi ambacho gari linatoa hesabu yake. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linafuata mihogo au machungwa huko Mzenga na Maneromango, jioni linarudi Mlandizi na mzigo nyuma na mama watoto mbele. Likikwama, vyote vinakwama.

Swali ambalo safu hii inalijibu wiki hii ni la mtu ambaye gari ameshalinunua, na sasa ana akiba kidogo ya kuliongezea uwezo. Tuseme ana shilingi milioni 6. Fundi wa kwanza anamwambia aweke ngao ya chuma mbele. Wa pili anamwambia alinyanyue gari. Wa tatu ana taa za kuweka juu ya paa, na bei ni ya kirafiki. Aanze na kipi?

Jibu letu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu kidogo: aanze na vile visivyoonekana, kisha matairi, kisha vifaa vya kujinasua, kisha springi. Vingine vyote visubiri mpaka gari limalize masika moja na mwenye gari aandike ni wapi lilishindwa na kwa nini.

FUNZO LA NYUMBANI

Mwandishi wa safu hii hakulijua jambo hili kutokana na vitabu vya biashara. Kaka yangu alinunua Prado ya dizeli kutoka kwa mtu, na kabla hata ya kubadilisha oili alilipeleka gereji likafungwa ngao, taa sita na keria ya chuma. Lilipendeza kweli kweli. Masika yalipofika, likiwa na mzigo wa mihogo na linapanda kilima kwenye tope, mshale wa joto ulipanda. Alidhani litafika, akaendelea. Hedi ya injini ilipasuka.

Fedha za kununua hedi nyingine zilitoka kwenye mtaji wa duka. Duka lilikaa miezi miwili na rafu nusu tupu, na wateja waliokuwa wakikopa na kulipa mwisho wa mwezi walihamia kwa jirani. Ngao ilikuwa bado inang'aa. Rejeta iliyoziba, ambayo ingesafishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ngao hiyo, haikuwa imeguswa na mtu.

KWANZA, JUA GARI ULILO NALO

Si kila gari refu ni gari la porini. Toyota RAV4 ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1994 hadi 2000, haina chesisi ya fremu wala ile gia ndogo ya magurudumu yote inayoandikwa 4L. Suzuki Escudo ya miaka hiyo hiyo, ile yenye magurudumu manne, ni ndogo kwa umbo lakini gia hiyo inayo. Toyota Prado ya mfululizo wa 90, iliyotoka mwaka 1996 na kufuatiwa na mfululizo wa 120 mwaka 2002, ina fremu, ina 4L, na nyingi zinazungusha magurudumu yote manne wakati wote.

Tofauti hii ni ya fedha. Mwenye RAV4 akitumia milioni 6 kuigeuza Prado, atabaki na RAV4 ya gharama kubwa. Huyo anafaa kununua matairi mazuri, kutunza injini, na siku ya mvua kubwa kukodi gari linalofaa. Mwenye Prado au Escudo ana msingi wa kujengea, na maelezo yanayofuata yanamhusu yeye zaidi.

Ajue pia barabara yake. Udongo wa Kibaha kwa sehemu kubwa ni wa kichanga. Ukiteremka kwenye bonde la Ruvu unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaza tairi likawa kama mpira wa kuteleza. Upande wa Pugu na Kisarawe ni vilima, na vilima vya Pugu vinajulikana tangu zamani kwa udongo mweupe wa kaolini. Barabara ya Makofia, Mlandizi hadi Vikumburu inaziunganisha wilaya hizi mbili. Lakini mfanyabiashara huyo huyo kila wiki anakwenda Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ambayo kutoka Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane. Akijumlisha kilometa za mwezi mzima, mara nyingi atakuta lami inazidi tope. Gari lijengwe kwa hesabu hiyo, si kwa picha za magari ya mashindano.

HATUA YA KWANZA: AFYA YA GARI

Gari lililotumika linakuja na madeni ambayo mwenye kuliuza hakuyataja. Deni kubwa liko kwenye mfumo wa kupoza injini. Injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyofungwa kwenye Prado nyingi za mfululizo wa 90, ni imara, lakini mafundi wanaifahamu kwa ugonjwa mmoja: ikichemka, hedi hupasuka. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote rejeta isafishwe au ibadilishwe, mipira yake ikaguliwe, klachi ya feni ipimwe, na maji ya bombani yatolewe na kuwekwa maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu.

Deni la pili ni mkanda wa taiming. Injini za aina hii zinahitaji mkanda mpya kila baada ya kilometa 100,000 hadi 150,000, kwa kufuata maelekezo ya injini husika. Kama huna karatasi inayothibitisha kwamba ulibadilishwa, chukulia kwamba haujabadilishwa. Mita ya kilometa ya gari la mtumba si shahidi wa kuaminika.

Deni la tatu ni breki, bushi na bolijointi. Bushi zilizokwisha zinafanya tairi jipya kulika upande mmoja ndani ya miezi michache. Ndiyo maana hatua hii inatangulia matairi: ukinunua matairi kwanza, unanunua tairi la kuliwa na bushi mbovu.

Oili za difu na gia zibadilishwe pia, na ile 4L ijaribiwe mahali pakavu. Wapo wanaogundua kwamba gia hiyo imeganda siku wanapoihitaji, wakiwa katikati ya tope, saa moja usiku, na watoto wamelala kiti cha nyuma.

HATUA YA PILI: MATAIRI

Hakuna kifaa kinachobadilisha uwezo wa gari kwa haraka kama tairi, kwa sababu ndicho kitu pekee kinachogusa ardhi. Kwenye soko utakuta aina tatu. Zenye alama H/T ni za lami. Zenye alama M/T ni za tope. Zina meno makubwa, zinapiga kelele, zinalika haraka kwenye lami na kushika kwake breki kwenye lami yenye maji si kuzuri. Zenye alama A/T ziko katikati, na kwa mtu wa Kibaha anayekwenda Dar es Salaam na Maneromango kwa gari moja, hizo ndizo za kununua.

Mnunuzi asome ubavu wa tairi kabla ya kutoa fedha. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Ikiwa ni 3521, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka minane si akiba; mpira umekwisha kukauka na unaweza kupasuka kwenye lami ya moto.

Kuhusu ukubwa, usikimbilie tairi kubwa. Chukua mfano wa kutoka 265/70R16, saizi inayotumika sana kwenye Prado, kwenda 265/75R16. Kipenyo kinatoka milimeta 777 kufika 804, ongezeko la asilimia 3.4. Gari linainuka kwa milimeta 13 tu, upana wa kidole. Lakini mwendo uliokuwa 80 kwa saa sasa ni karibu 83 ilhali mshale haujasogea, na gia zote zimekuwa nzito zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ukivuka hapo, tairi linaanza kugusa matao na breki inafanya kazi kubwa zaidi.

Nunua matano, si manne. Kwenye gari linalozungusha magurudumu yote wakati wote, spea yenye kipenyo tofauti hulazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika, na difu ina bei kuliko tairi.

Mwisho, jifunze upepo. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango kinaeleza upepo wa lami. Kwenye mchanga mzito unaweza kuushusha hadi psi 20 hivi na kwenda polepole. Tairi linapanuka na kuelea juu ya mchanga. Ukirudi kwenye lami jaza mara moja. Pampu ndogo ya umeme wa betri na kipimo cha upepo vinafanya kazi ambayo wengi wanadhani inahitaji injini kubwa.

HATUA YA TATU: KUJINASUA

Gari lolote litakwama siku moja. Swali ni kama utatoka kwa nusu saa au kwa siku nzima. Koleo, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, kamba nzuri ya kuvuta inayovutika na pingu mbili za chuma zenye alama ya uzito zinatosha kwa kuanzia.

Lakini kuna hatari hapa. Magari yanayotoka Japan mara nyingi huwa na vitanzi vya chuma chini ya bampa ambavyo kazi yake ni kufungia gari lisisogee ndani ya meli. Havikutengenezwa kuvuta gari lililozama kwenye tope. Vikikatika wakati kamba imekaza, chuma kinaruka kama risasi. Mpira wa kufungia trela nao ni hivyo hivyo. Fundi afunge ndoano imara kwenye chesisi, mbele na nyuma, kwa bolti zinazofaa. Na wakati wa kuvuta, watoto na watazamaji wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe.

Katika hatua hii hii tuweke jambo linalogharimu kidogo kuliko yote: vikulabu vya sakafuni na wavu wa kuzuia mzigo. Gunia la kilo 50 lisilofungwa nyuma ya kiti cha watoto, gari likigonga kitu, linakuja mbele kwa nguvu mara nyingi zaidi ya uzito wake. Gari la familia linalobeba biashara bila wavu limewaweka abiria wake mbele ya mzigo bila kinga. Mikanda ya viti vyote, pamoja na vya nyuma kabisa, iwe inafunga.

HATUA YA NNE: SPRINGI

Springi za gari lenye miaka 20 zimechoka, na upande wa nyuma hulala hata bila mzigo. Kubadilisha springi na shokapu ni jambo jema, lakini pima kwanza. Andika kwa wiki nne uzito uliobeba kila siku. Mwenye kilo 200 nyuma siku tano kwa wiki anahitaji springi ngumu zaidi. Mwenye kubeba familia siku tano na mzigo siku mbili akifunga springi ngumu, gari litarukaruka kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, na tairi linaloruka halina breki.

Kuhusu kunyanyua gari, sentimeta 5 ni kikomo cha busara kwa Prado ya familia. Zaidi ya hapo viungo vya ekseli za mbele vinafanya kazi kwa pembe isiyofaa na kulika mapema, na gari lililopandishwa juu ni jepesi kupinduka dereva akikwepa bodaboda kwa ghafla.

VINAVYOWEZA KUSUBIRI

Ngao ya chuma inaweza kufika kilo 60, winchi na waya wake kilo 40, keria ya chuma kilo 50. Jumla ni kilo 150, yaani gunia moja na nusu la mahindi ambalo gari linabeba kila siku, likila mafuta, bila kuuzwa popote. Tena kwa gari lenye mifuko ya hewa, ngao isiyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo inaweza kuvuruga jinsi sehemu ya mbele inavyopaswa kubonyea na wakati wa mifuko kufunguka. Kuhusu keria, mzigo wa paa kwa magari mengi ya ukubwa huu una kikomo kisichozidi kilo 100, na keria yenyewe inahesabiwa humo.

Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa juu, lina faida kwenye vumbi kwa sababu hewa ya juu ni safi zaidi. Lakini watu wengi wanainunua kwa ajili ya maji, na hapo kuna udanganyifu. Bomba linainua mahali pa kuvuta hewa tu, haliinui gari. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimeta 60 hivi yanaweza kubeba magari mengi, yakiwamo ya aina hii. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Pale hapakuwa na kifaa cha kufunga kwenye gari. Palikuwa na uamuzi wa kusubiri.

HESABU YENYEWE

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, si za duka lolote. Mpango wa kwanza: ngao milioni 1.5, kunyanyua gari milioni 2.5, keria 800,000, snokeli 600,000 na taa 600,000. Jumla milioni 6. Mpango wa pili: mfumo wa kupoza na mkanda wa taiming milioni 1.3, breki na bushi 900,000, matairi matano ya A/T kwa 450,000 kila moja ni milioni 2.25, vifaa vya kujinasua na wavu 450,000, springi na shokapu za nyuma milioni 1.1. Jumla ni milioni 6 hiyo hiyo.

Sasa rudisho lake. Tuseme gari linafanya safari mbili kwa wiki kwenda Maneromango, kila safari ina faida ya shilingi 120,000, na kwa mwaka safari tisa hupotea kwa ajili ya tope. Matairi ya lami yangegharimu 300,000 kila moja, na hayo ungeyanunua kwa vyovyote vile. Kwa hiyo gharama halisi ya kuchagua A/T ni tofauti ya 150,000 mara tano, yaani 750,000. Ongeza vifaa 450,000, unapata milioni 1.2. Vikiokoa safari sita kati ya tisa, ni 720,000 kwa mwaka. Fedha imerudi ndani ya miezi 20.

Sasa jiulize ngao imeokoa safari ngapi. Na usitegemee kuirudisha siku ya kuuza. Mnunuzi wa pili analipia injini, chesisi na karatasi. Gari lililobandikwa vyuma vingi linamfanya aulize lilikuwa linafanya kazi gani.

KARATASI

Bima ni mkataba wa kuambiana ukweli. Kila kilichoongezwa kwenye gari kielezwe kwa kampuni ya bima kwa maandishi, na kama gari linabeba bidhaa za biashara, bima isiwe ya matumizi binafsi peke yake. Mwenye bima kubwa aliyeficha jambo hili anaweza kukuta dai lake linakataliwa wakati analihitaji zaidi. Ukibadilisha injini au rangi, kadi ya gari irekebishwe TRA. Taa zinazompofusha dereva anayekuja mbele ni hatari, na zitakukutanisha na askari wa usalama barabarani mara nyingi kuliko tope litakavyokukutanisha na giza.

Ushauri wetu basi ni huu. Nunua daftari la shilingi 1,000 uliweke kwenye gari. Masika yote, kila gari likikwama, likichemka, likigusa chini au likikosa kuona, andika tarehe, mahali na sababu. Juni fungua daftari hilo. Kama limeandika mara nne kwamba gari liligusa chini, nyanyua. Kama limeandika mara nne kwamba ulikwama peke yako bila mtu wa kukuvuta, winchi imejieleza yenyewe. Na kama daftari ni jeupe, milioni iliyobaki irudishe dukani, ijaze rafu.